Nguzo ya Kona Aliyoipigia Hesabu Baba

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba unipe mawazo maana hata chakula hakipiti, mimi ni mhandisi wa majengo, nafanya kazi ofisini kwa baba yangu mzazi, ambaye amepiga hesabu za nguzo za zege kwa penseli tangu sijazaliwa na hakuna hata moja iliyopata ufa, na mwaka huu nimepata programu ya kompyuta ya kazi hiyohiyo, Shangazi, ni kitu kizuri ajabu, unaiambia upana wa nguzo, nondo ngapi na zimekaa wapi, mzigo kiasi gani, inakuchorea mstari uliopinda na kuweka nukta, nukta ikiwa ndani ya mstari nguzo inabeba, ikiwa nje haibebi, kazi ya siku nzima inaisha chai haijapoa. Basi kwa kujifurahisha tu nikaingiza nguzo za jengo la ghorofa nne analosimamia baba, zikapita, nikajivunia mzee wangu, ila nguzo ya kona nukta ikaangukia nje, nikarudia mara tatu, nje, nikafungua daftari lake nikaona alipima mzigo unavyoipinda upande mmoja, ikapita, akapima upande wa pili, ikapita, lakini kona inapindwa pande zote mbili kwa pamoja na hilo hakulihesabu. Zege linamwagwa Jumamosi. Nimewaza nimnong'oneze fundi wa nondo aongeze nne kimyakimya, heshima ya baba ibaki, maana juzi tu kaniambia, "Hiyo mashine yako haijawahi kuvaa buti." Nifanyeje?

Binti wa Mhandisi

Marahaba, mwanangu. Mimi nguzo najua kuiegemea tu, lakini hiyo nukta yako nimeielewa kwa kusoma mara moja, kwa hiyo baba yako hatashindwa. Programu hiyo naivulia kilemba, na wewe zaidi, maana wengine wangeiona nukta nje wakafunga kompyuta wakaenda zao.

Sasa nikugombeze. Nondo za siri? Fundi ana mdomo, saiti nzima itajua, na baba yako atakuwa wa mwisho. Halafu nani kakwambia nne zinatosha? Umezipima, au umekadiria kwa huruma? Na kona za jengo lijalo utamnong'oneza nani? Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Leo ipigie hesabu hiyo kona kwa penseli, kwa njia aliyokufundisha yeye. Kesho asubuhi, mkiwa wawili tu, iweke karatasi kando ya daftari lake. Usiseme kompyuta imesema. Sema, "Baba, hii kona naona haitoshi, naomba unikagulie." Mtu aliyejenga miaka yote hiyo bila ufa anapenda ukweli kuliko sifa, mpe nafasi auone. Mchoro aurekebishe yeye, asaini yeye.

Akikataa, mpigie mwenye jengo, zege lisimame. Baba atanuna, kisha atapoa. Watakaolala ghorofa ya nne hawamjui, wanamwamini tu.