Mistari Iliyochelewa

Ukunda,
Jumatatu.

Kwa dada yangu mpenzi Mwanasiti,

Assalaam aleikum, na shikamoo yangu ikufikie hapo Msambweni. Natumai goti limepunguza maumivu na shemeji Ubeid amepona kikohozi. Sisi huku ni wazima, ila mimi usingizi umenihama, na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike. Simu yako huisoma Hafswa kabla yako, na haya hafai kuyasoma bi harusi.

Nimeishughulikia ile kaseti ya sherehe ya kupamba kwako ulipoolewa, unayotaka wanawake waione siku ya kupamba kwa mwanao. Unakumbuka mimi ndiye niliyeshika kamera, kwa kuwa wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Hata leo wanawake huniletea mimi kaseti zao nizihamishie kwenye kompyuta, kwa sababu hiyo hiyo. Picha ilikuwa imepinda upande wa juu na inatetemeka, na pale mlangoni kulikuwa na lile doa refu la kijivu ambalo miaka yote tulisema ni ukungu wa kaseti.

Basi nikaunganisha kifaa tunachokiita TBC kati ya deki ya kuchezea kaseti na kompyuta. Usinicheke, nitakueleza kifundi kidogo. Picha ya kaseti ni mistari mingi, na kila mmoja una wakati wake wa kufika. Kaseti ikizeeka, mingine huwahi na mingine huchelewa, ndiyo maana picha huyumba. Kifaa hiki huisubiri iliyochelewa, kisha huuachia kila mstari mahali pake. Hakiongezi kitu ambacho hakikuwamo.

Picha ikatulia. Nikakuona ulivyokuwa mwembamba, mikono imejaa hina, na shangazi akikurekebishia asumini kichwani. Na lile doa nalo likatulia, likawa mtu. Dada, ni mama.

Ni mama yetu, ambaye tulikuwa tumemzika Mkongani mwaka uliotangulia. Amesimama mlangoni, miguu imejaa matope, anatazama ndani kama mgeni asiye na hakika kwamba amealikwa. Amejitanda leso yake ya zambarau, vipande vyote viwili, vile tulivyogawana baada ya matanga, kimoja kwako na kimoja kwangu. Kila mwanamke anayepita pale anajibana kidogo kumpisha, bila kugeuza uso. Nilichomoa kifaa, akarudi kuwa doa. Nikakichomeka, akarudi kuwa mama. Niliogopa mpaka nikatoka kwenda kukaa na muuza mihogo.

Kesho yake nilimwendea shangazi kwake Kinondo. Sikumwambia nilichokiona, nilimuuliza tu habari za harusi yako. Akanikumbusha kwamba ilipasa twende kaburini kumuarifu mama, lakini mvua ya El Nino ilikuwa imekata njia ya Mkongani. Tukasema tutakwenda ikipungua, na hatukwenda. Kisha akaniuliza, "Na miguu yake, ilikuwa na matope?"

Sasa nikwambie nililokuficha. Jana nilikwenda Mkongani peke yangu, bila idhini yako, unisamehe. Nilimsomea Yasini, kisha nikamwambia mama kwamba mjukuu wake anaolewa wiki ijayo, kwako Msambweni, na kwamba safari hii amealikwa. Niliporudi nikaicheza tena kaseti. Picha imetulia, na mlangoni hapana mtu wala doa. Nilifurahi, wallahi nililia. Nikafungua sanduku nimkumbatie mama japo kwa leso yake, nijifunike. Kipande changu hakimo, na ufunguo wa sanduku ninao shingoni.

Tafadhali angalia chako. Ukikikosa, usimwulize mtu yeyote. Siku ya kupamba weka maji ya kunawa miguu hapo mlangoni, na mahali pamoja kwenye mkeka pasikaliwe.

Mpe shemeji salamu zangu, na umbusu Hafswa kwa niaba yangu. Kaseti nitaileta mwenyewe, Inshallah.

Mdogo wako akupendaye,
Zulekha