Alama Zako za Sheria ya Manunuzi

Mwanangu Somoe,

Namba yako haipatikani tena. Shangazi yako wa Kinyerezi ananiambia umerudi Newala kwa mama yako, na kwamba hutaki mtu yeyote wa chuo apewe namba mpya. Kwa hiyo nakuandikia hapa, mbele za watu. Naona ni haki, maana hata siku niliyokukana nilikukana mbele za watu.

Nakukumbuka ulivyoingia ofisini kwangu mwaka wa kwanza, jaribio la Takwimu umelikunja mpaka likawa dogo kama tiketi. "Shikamoo madam. Mie na hesabu hatuelewani kabisa. Nikipata sapu nyingine, mtihani mwingine wa kurudia, nadisko, chuo kinanifukuza, halafu baba nitamwambia nini?" Baba yako alikuwa anachonga vinyago pale Mwenge, na alishawatangazia mafundi wenzake wote kwamba binti yake anasomea ugavi. Nikakuambia ukae. Nikakuuliza katika magogo ya mpingo anayoletewa baba, mangapi hupasuka kabla kinyago hakijaisha. Ulijua. Ulijua mpaka yanayotoka wapi ndiyo yanayopasuka sana. Tukaanzia hapo, na kabla hujaondoka ulikuwa umekokotoa wastani wa kwanza bila kutazama daftari.

Jumatano iliyofuata ulikuja na wenzako wawili, kisha wakawa sita, kisha tukakosa viti. Tulikaa kile chumba cha jirani na stoo, chenye feni inayozunguka ikijisikia. Mwaka wa pili chaki ulikuwa unaishika wewe, mie nimekaa nyuma nasahihisha. "Jamani msikariri! Jiulizeni kwanza swali linataka nini." Katika kundi lile hakuna aliyedisko. Niliandika pendekezo kila idara iwe na kundi kama letu. Mkuu wa idara alisema, "Wazo zuri sana, madam," akaliweka chini ya faili zake. Muhula uliofuata chumba kile kikapakwa rangi, kikawa ofisi ya kupokea wanafunzi wapya.

Halafu likaja lile somo la Sheria ya Manunuzi. Mwalimu wenu alikuwa wa muda, anafundisha vyuo vinne kwa wiki. Aliwafanyisha mtihani, akaondoka na karatasi, hakurudi. Wakaguzi wa ithibati walikuwa njiani, na darasa zima halina alama. Kikao kiliitwa. Nilikuwepo, Somoe. Mkuu wa chuo alisema, "Wapeni wote C, tufunge." Nikanyoosha mkono, nikauliza kama tusingemtafuta kwanza mwenye karatasi. Akanitazama. "Madam, unataka chuo kifungwe?" Nikashusha mkono.

Wenzako walishukuru. Wewe ulikataa kusaini fomu ya kuipokea ile C. "Mie nilisoma, madam. Mtihani niliufanya. Nataka alama yangu, hata kama ni F." Nilikubembeleza usaini, nikakuambia maisha yaendelee. Uliniangalia kama mtu anayesikia lugha ngeni.

Siku ya ukaguzi rafu za maktaba zilijaa vitabu vya kuazima kutoka chuo kingine. Wanafunzi wa kuongea na wageni walikuwa wamechaguliwa na kufundishwa majibu. Wewe hukuchaguliwa. Ulisimama tu koridoni, msafara ulipofika ukasema, "Shikamooni. Naomba kusema kitu." Ukasema yote, kwa sauti ile ile ya Jumatano, hatua kwa hatua. Yule mama mkaguzi alivua miwani, akageuka kwetu. Mkuu wa chuo akaninyooshea kidole mimi, kwamba huyu ndiye mwalimu wao wa karibu.

"Ni kweli, mwalimu?"

"Sina taarifa hizo," nikasema.

Hukulia. Ulisema, "Haya, madam," ukatupisha njia.

Ithibati tukaipata. Tulikata keki. Wenzako wakavaa majoho na C zao, na mbele ya jina lako ikaandikwa kwamba matokeo hayajakamilika. Ukitaka yakamilike, ulete karatasi ya mtihani, karatasi ambayo hukuwahi kuwa nayo. Hukumwambia baba. Akaja kwenye mahafali amevaa suti, akakaa mpaka jina la mwisho likasomwa, ndipo akanitafuta.

"Mwalimu, mbona wa kwangu sijamsikia?"

"Kuna tatizo dogo la alama, mzee."

"Kafeli?"

"Hapana, mzee. Hakufeli."

"Sasa kama hakufeli?"

Nikamwambia ofisi inashughulikia. Akanishukuru, mwanangu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.

Baada ya hapo nilifanya yote niliyopaswa kuyafanya kabla. Nilimfuata yule mwalimu wa muda hadi Mikocheni, nikamkuta anakula chapati amesimama, katikati ya vipindi viwili. "Madam, zile karatasi nimehama nazo nyumba tatu. Mvua ilizipata." Aliomba radhi, na naamini ilikuwa ya kweli, lakini darasa lilikuwa linamsubiri. Nikawaandikia wakaguzi kwamba nilisema uongo. Walinijibu barua yangu imepokelewa. Nilipofuatilia, aliyekuwa nayo amehamishwa kituo.

Kisha chuo kikanipa uratibu wa ubora wake, nikaukubali. Nilijidanganya kwamba nikiwa ndani nitaweza kulifungua faili lako. Nililifungua. Mna fomu ya kujiunga, picha yako ya pasipoti, na barua yako ya rufaa iliyogongwa muhuri kwamba shauri limefungwa. Mfumo haupokei tena alama za mwaka wenu.

Mwezi uliopita nilimpigia baba yako. Nilimweleza yote: karatasi, kikao, koridoni, neno nililolisema. Alinisikiliza bila kunikatiza. Halafu akasema taratibu, "Mwalimu, wewe unamtetea kwa kuwa unampenda. Mtoto alifeli, akaona haya. Nilishamsamehe." Nikarudia tena. Akasema Mungu anilipe kwa wema wangu.

Sijui nifanye nini na msamaha ule, Somoe. Umekuangukia wewe usiye na kosa, na mie mwenye kosa nimeombewa baraka.

Wiki hii najaza taarifa ya ukaguzi mwingine. Pana sehemu ya kueleza jinsi tunavyowasaidia wanafunzi wanaolegalega. Mwaka ule nilikuwa na la kuandika pale. Sasa wa mwaka wa kwanza wakigonga mlango, nawaelekeza wakamuone mshauri wa wanafunzi, na mshauri wa wanafunzi hatuna. Wanasema, "Asante madam," wanakwenda kumtafuta.

Sikuombi unisamehe, na sikuambii urudi kumalizia. Wengine watakuambia elimu haina mwisho. Mie nimekaa ofisi inayofunga mafaili. Msalimie mama yako. Ukijaliwa mtoto, mfundishe hesabu wewe mwenyewe, unaziweza kuliko wengi tunaolipwa kuzifundisha. Usimlete kwetu.

Ni mimi,
Mwalimu wako wa Takwimu