Mahari ya Furaha Haijaisha

Beni, siku ya Ijumaa. Mvua tangu asubuhi, matope kila mahali, na miye niko nacheka peke yangu mu nyumba sawa mutu mwenye malaria imemupanda ku kichwa.

Acha nieleze.

Nafundisha mu secondaire, kalasi ya mwisho. Tangu vita ilifukuza batu upande wa Ituri, niko na banafunzi ba hapa, Banande, na Bahema benye bakapita ku barabara ya Eringeti na godoro ku kichwa. Bako mu kalasi moja, mais kila kundi na benchi yake. Hata mupira habachezi pamoja.

Jana Papa Furaha, baba ya munafunzi wangu moja Muhema, akakuja kuniambia anamutosha binti yake ku masomo, asirudi tena. Benzake banamuita mukimbizi, na sasa hasemi tena, hata nyumbani. Roho ikaniuma. Nilijua Furaha akienda, Bahema bengine batamufuata, na kalasi itapasuka. Nikamuomba: Papa, ngoja tu muchezo wa kuigiza, wenye kalasi itaonyesha bazazi kesho, kisha utamubeba.

Muchezo wenyewe ni ndoa. Furaha bibi arusi, Kambale bwana arusi, wimbo wa Kinande, ngoma ya Kihema, bazazi bapige makofi, kwisha. Ndiyo nilivyowaza, miye mwenye akili nyingi!

Leo Furaha akaingia na pazia ya dirisha langu ku kichwa. Kambale akaleta mahari: vijana bane benye ndevu zinaanza kuota, bameinama, mee, mee. Batu bakacheka mpaka machozi. Papa Furaha peke yake hakucheka. Akasimama.

"Mbuzi? Mutoto yangu miye, kwa mbuzi?"

Nikasema, Papa, ni muchezo tu. Akaniambia nikae.

Nikakaa.

Kumbe kwao mahari ni ngombe. Kwetu Banande ni mbuzi, na hapana mutu alifikiri kuuliza mwengine. Mama Kambale, mwenye kuuzisha makayabo, samaki ya chumvi, ku soko, akaruka na kitenge mukononi: ngombe italala wapi, mu salon ya nyumba yangu? Papa Furaha akajibu, mutu hana malisho, asioe! Yesu Maria. Bazazi bote bakahamisha mabenchi, bamoja nyuma ya Kambale, bengine nyuma ya Furaha. Muzee moja akaonja kasiksi, pombe ya ndizi ya bwana arusi, akakuta ni maji, akatukana shule nzima. Direkteri wa shule akajaribu kupiga kengele. Bakamukalisha katikati, bakamufanya shahidi.

Mais nikaanza kusikia maswali. Kwenu mbuzi ya mujomba ni gani? Na ngombe ikizaa kwa bakwe, ndama ni ya nani? Mama Kambale alisogea karibu sana na Papa Furaha, akasahau kukasirika.

Ili tuendelee, nikaambia mbuzi zetu bafanye pembe na vidole, bakuwe ngombe. Moja akakataa kabisa.

"Mwalimu, miye nilijifunza mbuzi."

Hapo tukasikia sauti chini ya pazia.

"Papa, usikubali! Kaza!"

Furaha. Kalasi nzima ikalipuka, benchi zote mbili. Kambale akajiangusha chini akilia sawa mujane. Papa Furaha akamuangalia binti, akapanguza macho na kofia. Miye pia nililia, sifichi.

Saa ya couvre-feu, yenye kila mutu anapaswa kuwa nyumbani, ikakaribia, na ku Beni hapana mutu anabishana na askari. Papa Furaha akavaa ile kofia, akasema: lundi, Jumatatu, tunarudia kubishana.

Nikamuuliza pole pole, na Furaha?

Akaniangalia sawa nimepoteza akili.

"Bibi arusi akikosa, tutabishana juu ya nani?"

Donc lundi atakuwa mu kalasi. Shida ni moja: wakati wa kutoka, Mama Kambale alikuwa anauliza bei ya ndama ya kweli. Mungu wangu, Wewe mwenye kupatanisha batu, safari hii usiharakishe. Ngoja kwanza mutoto afanye examen ya kumaliza masomo.