Mkanda wa Pilote

Papa,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako ya redio. Leo nimefanya kitu ambacho ni wewe uliyepaswa kukifanya, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nataka kukuuliza kama nimefanya vizuri. Nimechagua mkanda mpya wa saa yako.

Ule wa zamani ulikatika asubuhi uliyotuacha. Maman alitaka kukuvua saa kabla gari halijaja kukuchukua. Mkono ulikuwa umevimba kidogo, akavuta kwa nguvu, ngozi ya mkanda ikapasuka kwenye tundu la tatu, lile lako. Mpaka hapo alikuwa hajalia. Alilia kwa sababu ya mkanda. "Ona sasa, nimemuharibishia saa yake," akasema, na mpaka leo, wiki ya tano hii, anayarudia maneno hayo peke yake akichambua maharagwe.

Saa amenipa mimi. Tonton Déo alifikiri ingekwenda kwa kaka yangu kwa kuwa ndiye mwanaume, lakini unamjua mke wako. "Ule iko na telefone, saa anaiangaliaka mule," akamjibu mdogo wako, na maneno yakaishia hapo.

Jumamosi tunamaliza kilio. Kutakuwa na misa asubuhi, kisha watu watakuja kula hapa nyumbani, na Tonton ameamua kwamba mimi ndiye nitakayesimama kusema juu yako, eti kwa kuwa nimesoma na kazi yangu ofisini ni kusahihisha ripoti za wengine. Nilitaka nisimame nikiwa nimevaa saa yako. Ndiyo sababu ya haraka yote hii. Lakini kusimama kwenyewe, Papa, kunanitia hofu, kwa sababu mara ya mwisho niliposema juu yako mbele ya watu, nilikuaibisha.

Hatukuwahi kuzungumza juu ya siku hiyo. Wacha niiseme sasa.

Ilikuwa siku ya dot yangu, siku ya kutolewa mahari, miaka sita iliyopita. Wakwe wamejaa sebuleni, soda zimeshafunguliwa, na wewe ukaanza hadithi yako ya ndege. Sisi wa nyumbani tuliijua kwa moyo. Balance, ile mizani ya uwanja wa ndege wa Kamituga, imeharibika, wamekutuma wewe, mpimaji wa mizigo wa Kavumu, ukaitengeneze. Umekaa kiti cha mbele karibu na pilote. Juu ya milima ya Mwenga pilote anasikia njaa, anakuambia shika hapa, anamenya ndizi. Nilipokuwa mdogo ulikuwa unasema, "Nilikamata ndege miye mwenyewe, dakika huit," dakika nane, na unainua mkono ili tuione saa, kwa kuwa saa ndiyo ilikuwa shahidi wako. Miaka ilivyokwenda, dakika nazo zikaongezeka. Siku ya dot zilikuwa zimefika vingt, ishirini kamili, ndizi zimekuwa tatu, na ndege umeishusha Kamituga wewe mwenyewe, watu wa uwanjani wakapiga makofi.

Wakwe walikuwa wamependa. Baba mkwe alikuwa ameacha hata kunywa. Mimi nikasema, kwa ile sauti yangu ya ofisini, "Papa, sema kweli. Weye ulikuwa mutu wa balance."

Watu walicheka. Na wewe ulicheka. Ulishusha mkono, ukavuta shati mpaka likafunika saa, ukasema, "Njo kweli, nilikuwaka mutu wa balance." Kisha ukauliza kama wageni wameongezewa nyama. Hiyo hadithi sikuisikia tena kutoka kinywani mwako. Nilijiambia mara nyingi kwamba nitakuomba msamaha, na kila mara nikaona bado kuna wakati.

Nyumba imetulia mno bila wewe. Ile balance yako uliyokuwa ukimpandishia kila mgeni, Maman ameisukuma chini ya kitanda, na mama jirani sasa anaingia kwetu bila kuogopa kwamba utamtazama mara moja mlangoni na kumtajia kilo zake themanini na mbili, "Quatre-vingt-deux." Ulikuwa hukosei, ndiyo maana walikuogopa. Ndege bado hazitui Kavumu. Hilo ulilijua, uwanja ulifungwa vita vilipofika mjini, na miezi yako ya mwisho uliimaliza barazani ukisikiliza mbingu tupu. Zamani ulikuwa unasikia injini inapita juu ya ziwa, unaacha kijiko kwenye sahani, unasema, "Ile imebeba kupita kipimo." Juzi ulipita mngurumo mbali sana, sijui wa nini. Niligeuka kukutazama. Nilitazama kiti muda mrefu, Papa, nikatamani tu useme kilo ngapi.

Basi leo nimetoka kazini mapema nikashuka Nyawera kwa Papa Safari, yule fundi wa saa mwenye kisanduku cha vioo. Wewe ndiye uliyekuwa ukienda kwake, mimi nilikuwa sijawahi kusema naye. Nilipoitoa saa kwenye kitambaa aliitambua kabla ya kuigusa.

"Hii ni ya muzee wa balance," akasema.

Nikamwambia. Alivua miwani, akaifuta saa taratibu kwa pindo la shati. "Pole, maman. Kumbe njo maana haonekane."

Alikuwa na mikanda mingi ya plastiki na michache ya ngozi. Wa kwanza nilioupenda ulikuwa mweusi, mwembamba, unang'aa. Ungefaa kwa misa, na ungefaa kwa mkono wangu. Nilikuwa karibu kuuchukua. Nakiri pia kwamba niliuona wa heshima zaidi kuliko ule wa kwako, kwa sababu mimi ndiye niliyekutania miaka yote nikiuliza mkanda wa pilote, mnene wa misumari, unatafuta nini kwenye mkono wa mtu wa balance. Sikuweza. Niliuweka chini.

Wa pili ulikuwa wa kahawia, wenye vichwa viwili vya misumari kila upande kama wako. Nikaukunja, nikautazama mgongoni, nikaunusa, vile ulivyonifundisha kununua viatu vya shule. Ndani ilikuwa karatasi iliyopakwa rangi. Papa Safari hakubishana. Aliinama akatoa mwingine uliofungwa kwenye gazeti: ngozi nene, rangi ya asali, uzi mweupe mzito pembeni, misumari yake ya shaba, na bukle kubwa ya kufungia. Nilipoukunja ulitoa mikunjo midogo kisha ukarudi. Ulinuka mkoba mpya.

"Ile ni ngozi ya kweli," akasema. "Lakini ni ya mapilote, itakuwa muzito ku mukono yako."

Nikamwambia aweke huo huo.

Alipoanza kuutoa ule uliokatika, akasita. Akaniuliza, "Nikuwekee muzuri, ama niweke vile papa yako alipenda?" Sikuelewa. Akanionyesha. Kumbe mkanda wa saa una juu na chini. Kipande kifupi, chenye bukle, hukaa juu kwenye namba kumi na mbili, na kile kirefu chenye matundu hukaa chini kwenye namba sita. Wako ulikuwa kinyume.

"Mara ya kwanza nilimuambia, muzee, mukanda iko renversé. Akasema niache. Siku ingine alileta saa nibadilishe pile, ile betri, miye nikageuza mukanda bila kumuuliza, nikifikiri ninamusaidia. Alirudi siku ile ile, toka Kavumu na pikipiki. Akasema, 'Rudisha. Ni mutoto wangu njo aliweka.'"

Mkanda wa kwanza wa pilote Maman aliununua Kadutu kwa ajili ya Noeli, mimi nikiwa na miaka kumi, na mimi ndiye niliyelilia kuuweka mwenyewe wakati wewe unaoga. Niliuweka kwa kisu cha siagi. Kijiti kimoja cha chuma cha kushikia mkanda kiliruka kikaingia chini ya kabati, nikakitafuta kwa tochi huku nikiomba usitoke bafuni. Saa yenyewe nikaikwaruza ubavuni. Ulipotoka uliivaa, ukaigeuza huku na huku, ukaitazama kwa muda, ukaniambia mimi, "Maman, umefanya kazi ya mukubwa." Nikalala na furaha usiku ule.

Wewe uliyeweza kujua mfuko wa mchele umezidi kilo mbili kwa kuuinua tu, hukushindwa kuona mkanda umegeuka. Uliona. Na kila mkanda ulipochakaa ukanunua mwingine, ukamwambia fundi auweke vibaya tena. Miaka ishirini na mbili ulitembea na kosa langu mkononi na hukuniambia. Mimi kosa lako moja, lililokuwa linawafurahisha wageni na halimuumizi mtu yeyote, sikuweza kuliacha lipite hata siku moja.

Nililia pale pale, kwenye kigoda cha wateja. Mama anayeuza avoka jirani yake alinipa maji bila kuuliza. Papa Safari alijifanya anatafuta kijiti.

Nikamwambia auweke vile ulivyopenda. Akatoboa matundu mawili zaidi, kwa kuwa mkono wangu ni mwembamba, akanionya kwamba kuufunga ni taabu ukiwa kinyume na kwamba bukle itanisumbua nikiandika. Kweli inanisumbua. Tangu nianze barua hii inagonga meza, na ngozi bado ngumu, imeshaniachia alama nyekundu. Ule wa zamani nimemrudishia Maman. Bado umejikunja kwa unene wa mkono wako, na bado una harufu yako ya vaseline na jasho. Aliushika tu, akaenda nao chumbani, na leo hajarudia yale maneno yake.

Nina hamu nawe, Papa. Wengine wamezoea, naona, wanasema "marehemu" bila kusita. Mimi neno hilo bado linanikwama.

Jioni Tonton Déo amepita kuisoma karatasi yangu ya Jumamosi. Ameipenda, ila ametia mstari sehemu moja. "Hii ya ndege uitoshe," amesema. "Batu ba aéroport batakuwa pale, banajua haikuwaka hivi." Nimemwitikia kwa kichwa kwa heshima, nikamsindikiza mpaka barabarani. Sikuitoa.

Basi pumzika. Msamaha ambao sikukuomba ukiwa hai nitauomba mbele ya watu wale wale. Wakwe watakuwepo, baba mkwe atakaa mbele. Nitainua mkono niwaonyeshe saa, nitawaambia kwamba baba yangu alishika ndege dakika vingt juu ya milima ya Mwenga, pilote akimenya ndizi ya tatu, kisha akaishusha Kamituga kwa mikono yake mwenyewe. Tonton akikohoa, nitangoja amalize kukohoa, halafu nitasema jinsi watu walivyopiga makofi.

Mwanao, uliyekuwa ukimwita maman,

Faida