Mchele wa Harusi Yangu

Mjukuu wangu Zuhura, assalaam alaykum. Kile kifua kimepona? Sisi hapa Ilembo hatujambo, alhamdulillahi. Babu yako anashinda na kuku wake tu.

Umeniuliza kama sola ni ya kuaminiwa, maana mawingu yakitanda inalegea, na wenzako chuoni wanasema bora jenereta. Mke mwenzangu, siku ya harusi yangu wageni walifika mpunga haujakobolewa. Mashine ilikuwa ya dizeli, mvua imekata barabara, gari la mafuta limekwama huko. Mimi nimekaa ndani na hina yangu, maana bibi harusi hagusi kazi. Shangazi akafungua mlango.

"Toka, shika mchi! Au wageni watakula hiyo hina?"

Tukatwanga huku tunacheka, wageni wakala pilau wakashiba.

Kumbe dizeli, hiyo hiyo inayonywewa na jenereta, nayo ilikuwa na mawingu yake, ila yalikuwa barabarani. Siku hizi tuna umeme wa gridi na sola juu ya bati, na kwa vyote namshukuru Mungu. Lakini mama yako aliposema nikitupe kile kinu tulichotwangia siku ile, nilikataa.

Nijibu mapema, mjukuu wangu.

Bibi yako