Namba Iliyoganda

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetufikisha leo. Mimi ni mzima, ila miguu imevimba kwa kukaa.

Uliuliza kwa nini siji kumwona mama. Kazi yangu, kama ujuavyo, ni kuwasha na kuzima pampu ya maji ya mji. Tangi liko mlimani, na namba ya kina cha maji hunifikia kwa mtandao kwenye kioo cha kompyuta hapa chumba cha pampu. Mtandao ukikatika, kioo hakisemi. Kinaganda na namba ya zamani, kama maiti ambaye hakufumbwa macho. Mwenzangu wa zamu aliiamini, tangi likafurika, ukuta wa jirani ukaanguka. Alifukuzwa. Mimi hukadiria kwa saa ambazo pampu imekwenda, na kama ni siku ya watu kufua. Kwa rehema za Mungu, sijakosea.

Kumbe ujuzi nao ni pingu. Nilipoomba ruhusa, mkuu alicheka: "Mzee, wewe ndiye mtandao wetu! Ukienda nani atakisia?"

"Mama yangu anaumwa, mkuu."

"Vumilia mpaka mafundi waje."

Huu ni mwezi wa tano. Juzi nilimrudia, akashusha sauti: "Akifariki nitakupa siku tatu. Hizo siwezi kukunyima."

Dada, nilirudi kwenye pampu, na kwa dakika nzima nilizitamani siku hizo tatu. Nimetubu, lakini bado nazihesabu. Usimwambie mama. Mwambie tu nimeuliza kama anakula.

Ni mimi, mdogo wako.