Kipa Naye Alime

Jumatano, 24 Januari 1996

Mkutano wa chama cha wapenzi wa timu yetu, Igembe. Watu ishirini na tatu, kelele za watu mia. Tangu ushirika uyumbe na kinu cha pamba kifungwe, timu haina lori, haina chakula, haina mwenyewe. Wachezaji tumewagawana majumbani kama yatima. Mimi nimepewa Nyanda, kipa. Anakula huyo! Lakini sahani yake anaosha mwenyewe. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi hata siku ya Krismasi.

Mechi ya mwisho ni tarehe 18 Februari, Shinyanga. Tukifungwa tunashuka daraja, tukitoka sare tunabaki. Usafiri? Hakuna. Ndipo Mzee Luhaga, mwenyekiti wetu, akauliza kwa nini tunahangaika kama wageni — luganda si ipo? Tulime kwa pamoja kama walivyolima wazee wetu. Tukampalilie Masunga pamba yake, naye atupe lori. Masunga siku hizi ni mnunuzi binafsi, malori anayo mawili. Makofi! Mimi katibu, nikaandika.

Alhamisi, 8 Februari

Mvua, mvua, mvua. Shamba halikanyagiki. Masunga amekubali, ila kazi imesogea hadi tarehe 14 na 15. Karibu mno na mechi. Tutafanyaje?

Jumapili, 11 Februari

Baada ya misa kocha Rodgers alikuja nyumbani. Akanisalimu mwangaluka mayu, kama mama yake, na heshima zote, kisha akatoa lake: jina la Nyanda litoke kwenye orodha ya kulima. Kipa ni mikono, akasema.

Nikakataa. Kwenye luganda, anayekula anashika mstari wake. Nikimruka kipa leo, kesho nitaombwa kumruka mshambuliaji, keshokutwa shemeji wa mwenyekiti. Orodha zenye watu wa kurukwa nazijua! Miaka kumi na minne nilikaa kwenye mizani pale kinuni. Walipoanza kupunguza wafanyakazi, kabla ya kufunga, waliobaki ni wenye wajomba. Mimi sikuwa na mjomba. Niliapa kalamu yangu haitafanya hivyo.

Rodgers aliondoka bila kumaliza chai.

Jumatano, 14 Februari

Ngoma ilianza alfajiri. Kila mtu na mstari wake, majembe yanashuka pamoja, wanawake tunaimba. Zamani imerudi! Nilisahau hata kiuno changu.

Nyanda alibaki nyuma. Amekulia Lamadi, ziwani, kwenye nyavu za samaki, mpini wa jembe anaushika kama kasia. Watu wakamtania. Na mimi nikamtania: kipa, magugu hayo hayaruki, yadake! Akacheka, akazidi kukaza. Mstari wake aliumaliza wa mwisho, lakini aliumaliza. Nilijisikia fahari.

Alhamisi, 15 Februari

Tumemaliza. Masunga amezunguka shamba zima, kisha akasema lori litatoka Jumapili alfajiri. Tumekumbatiana kama watu wa harusi!

Usiku Nyanda kala ugali kwa kijiko. Ugali kwa kijiko! Nikamcheka, nikamuuliza umeanza lini uzungu. Akatabasamu tu.

Ijumaa, 16 Februari

Nimeona.

Alimwomba binti yangu Milembe amwoshee sahani. Hapo nikashtuka. Nikamwambia afungue mikono. Hakutaka. Nikaifungua mwenyewe. Malengelenge yamepasuka viganja vyote viwili, nyama nyekundu, udongo umeingia ndani. Kwa nini hukusema? Akajibu jina lake lilikuwa kwenye orodha, na yeye anakula kwangu.

Zahanati wamesafisha, wamefunga bandeji. Asiguse mpira siku kumi! Na kipa wa pili, Renatus, tangu Desemba yuko Mwanza, kiwanda cha samaki.

Nimelia jikoni. Rodgers aliniambia. Aliniambia waziwazi, nami nikamjibu kwa mambo ya kinuni, ambayo yeye wala Nyanda hawakuyafanya. Haki yangu nimeilipia kwa mikono ya mtoto wa watu.

Jumamosi, 17 Februari

Nimesimama mbele ya chama nikasema kosa ni langu. Nilitaka wanikaripie. Wapi! Mzee Luhaga kasema hakuna aliyekosa, luganda ni luganda. Wengine: acheze, tumelima kwa ajili hiyo. Hakuna aliyeuliza anaumwa kiasi gani. Nyanda mwenyewe kasema atacheza.

Wa kumbadili ni Januarius, mshambuliaji. Mfupi, na hajawahi kudaka kitu ila kuku.

Jumapili, 18 Februari

Shinyanga. Mapumziko. Naandikia gotini.

Sufuri kwa sufuri. Sare inatutosha! Lakini Nyanda hadaki, anapiga ngumi. Mpira mmoja ilibidi aukumbatie, akabaki chini muda mrefu. Alipoinuka jezi ilikuwa na damu kifuani. Wapinzani wetu wameshaona. Tangu hapo walikuwa wakipiga mashuti kutoka popote.

Rodgers amekuja hadi tulipokaa. Hataki kuamua peke yake, amechoka kupuuzwa. Mayu Lukresia, wewe ndiye uliyemwandika — atoke au abaki? Nyuma yangu wanapiga kelele: abaki! Mzee Luhaga anapiga ngoma. Watu hawa wamelima siku mbili, wengine mashamba yao wenyewe yamejaa magugu. Akitoka, Januarius atafungwa, na Igembe ndiyo basi. Nani atawalisha tena wachezaji wa timu iliyoshuka?

Nyanda amekaa kwenye nyasi, viganja juu, anapepewa na mwenzake. Ananitazama mimi, si kocha. Hajaomba chochote. Nikisema abaki atabaki, hata vidole vikatike. Hilo ndilo linanitisha.

Kipenga. Wanainuka. Rodgers ananiita mara ya pili, watu wote wamegeuka. Nikiweka kalamu chini itabidi niseme.

Bado naandika —